Matairi ya vani ya safari: Jinsi ya kuchagua yanayofaa masika na kiangazi

Kila mwaka mvua za masika zinapopungua na msimu wa watalii wa Julai kubisha hodi, wenye vani za safari kisiwani Mombasa huanza kuyatayarisha magari yao. Injini hukaguliwa, breki hufunguliwa, viti hushonwa upya, na lile paa la kuinuliwa hutiwa grisi ili lisikwame abiria wanapotaka kumtazama ndovu. Lakini kiungo kinachobeba yote hayo, yaani tairi, mara nyingi hutupiwa jicho la haraka tu. Likiwa na meno, hupita.

Katika mitaa kama Kibokoni, iliyo hatua chache kutoka Fort Jesus, vani hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya utalii, inayowachukua wageni alfajiri na kuwapeleka mbuga ya Tsavo Mashariki kupitia lango la Bachuma au mji wa Voi. Ya pili ni ile iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safarini: ina godoro, makabati ya mbao, jiko la gesi na mitungi ya maji, na familia huitumia kupiga kambi Tsavo, Shimba Hills au ufuoni Watamu. Zote mbili hukabiliwa na mtihani mmoja. Hubeba mzigo mzito, husafiri mwendo mrefu, na katika siku moja hupita kwenye lami inayowaka jua, vumbi jekundu lenye miiba na maji yaliyotuama barabarani.

Ndipo linapozuka swali la tairi la kutumika mwaka mzima. Jibu fupi ni kwamba tairi linalofaa misimu yote katika Pwani si lazima liwe lile lililopewa jina hilo kiwandani. Ni lile linaloumudu uzito wa gari, linalostahimili joto na ambalo umri wake haujapita. Meno ni jambo la nne.

"Misimu yote" ya nani?

Jina hilo lilizaliwa katika nchi zenye theluji. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko pindi joto linapoteremka chini ya takriban nyuzi 7 za selsiasi. Mpira wa tairi la majira ya baridi nao huwa laini mno wakati wa joto. Tairi la misimu yote ni mapatano baina ya hayo mawili, ili dereva asilazimike kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka.

Herufi M+S zinazoonekana ubavuni mwa matairi mengi humaanisha tope na theluji. Hizo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kuhusu umbo la meno. Alama inayotolewa baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Nchini Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, herufi M+S pekee hazitoshi tena kulifanya tairi litambuliwe kuwa la majira ya baridi.

Mombasa ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Misimu yetu ni kaskazi yenye joto kali kuanzia Desemba hadi Machi, masika ambayo kilele chake huwa Mei, kusi yenye upepo mwanana, kisha vuli ya Oktoba na Novemba. Hata anayepanda hadi Nairobi mwezi wa Julai hakutani na theluji barabarani. Kwa hivyo kulipa zaidi kwa ajili ya alama ya theluji ni kununua koti la manyoya la kuvaa Makadara.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Bandari ya Mombasa hupokea magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, ambayo sheria ya Kenya huyaruhusu iwapo hayajazidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Baadhi hutoka maeneo yenye theluji kama Hokkaido yakiwa bado na matairi ya baridi. Matairi hayo hutambulika kwa neno STUDLESS ubavuni na kwa mikato myembamba, mithili ya iliyotiwa kwa wembe, katika kila jino. Mnunuzi huyaona yana meno marefu akafurahi. Lakini mpira wake ni laini: kwenye lami ya adhuhuri huisha upesi, na gari lililopakiwa huyumba dereva anapofunga breki au kukata kona. Matairi ya aina hiyo yabadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Herufi C na hesabu ya uzito

Vani nyingi za Toyota HiAce hutumia tairi lililoandikwa 195R15C, likifuatwa na tarakimu kama 106/104. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, nayo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C mwishoni ndiyo muhimu zaidi kwa mwenye vani, maana huonyesha tairi lililoimarishwa kwa ajili ya magari ya kubeba mizigo. Matairi ya Japani na Marekani huandikwa LT badala yake. Ulaya kuna pia alama ya CP, inayowekwa kwenye matairi yaliyoundwa mahsusi kwa magari ya kambi, kwa sababu magari hayo hukaa yamebeba mzigo wakati wote, hata yakiwa yameegeshwa.

Tarakimu 106 si kilo. Ni namba ya orodha, na maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 950. Namba 104, inayotumika pale ambapo magurudumu mawili yamewekwa pamoja upande mmoja, ni kilo 900. Sasa linganisha na tairi la gari dogo la 195/65R15 lenye namba 91. Upana ni uleule, rimu ni ileile ya inchi 15, bei aghalabu ni nafuu, lakini uwezo wake ni kilo 615 tu.

Tuchukue mfano. Vani yenye uzito wa kilo 1,900 ikiwa tupu yapakia watu saba wa kilo 75 kila mmoja, ambao ni kilo 525. Maji lita 100 ni kilo 100. Hema, magodoro, vyombo na chakula ni kilo 250, na mafuta yaliyo tangini yakaribia kilo 50. Jumla ni kilo 2,825. Ikiwa asilimia 60 ya uzito huo imelalia ekseli ya nyuma, kila tairi la nyuma linabeba takriban kilo 848. Tairi la namba 106 lingali na akiba ya kilo 102. Lile la namba 91 limezidiwa kwa kilo 233 hata kabla gari halijavuka Makupa.

Malori husimamishwa kwenye mizani ya Mariakani, lakini vani ndogo huwa hazipimwi. Mwenye gari ndiye mizani yake mwenyewe, na hesabu kama hii huchukua dakika chache tu.

Herufi inayofuata namba ya uzito, mathalani L, Q au R, huonyesha kasi ambayo tairi laweza kuhimili: kilomita 120, 160 na 170 kwa saa mtawalia. Kwa vani ya abiria ambayo kisheria haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hakuna haja ya kutafuta herufi ya juu. Fedha hizo ni afadhali zitumike kupata namba kubwa zaidi ya uzito.

Umri usioonekana kwa macho

Baada ya herufi DOT ubavuni huwa na mfululizo wa alama, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2219 humaanisha tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka wa 2019. Ikiwa tarakimu ni tatu pekee, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka wa 2000, nalo halifai kuwa barabarani. Wakati mwingine tarehe huandikwa upande mmoja tu, kwa hivyo huenda ikabidi kuchungulia upande wa ndani.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa huukausha, na nyufa ndogo hutokea ubavuni na katikati ya meno. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana zima.

Hapa ndipo vani za Pwani zilipo hatarini kuliko matatu. Matatu humaliza meno ya tairi kabla mpira haujazeeka. Vani ya safari, kinyume chake, huweza kuegeshwa miezi ya Aprili hadi Juni wageni wanapopungua, ikisimama mahali pamoja chini ya jua na mvua. Tairi lake huwa jipya kwa meno na kongwe kwa miaka. Tairi la akiba ndilo hudanganya zaidi, kwani laweza kukaa chini ya gari mwaka baada ya mwaka bila kugusa barabara.

Uingereza ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarejesha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilianguka kaunti ya Surrey na watu watatu wakafariki. Uchunguzi ulibainisha kwamba tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa takriban miaka 19, yaani lilikuwa kongwe kuliko basi lenyewe. Kuanzia Februari 2021, nchi hiyo ilipiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yenye tairi moja kila upande wa ekseli. Sheria hiyo haitufungi sisi, ila funzo lake linatuhusu.

Joto na upepo wa tairi

Tairi lenye upepo mchache hujikunja zaidi kila linapozunguka. Kule kujikunja huzalisha joto ndani ya mpira, na joto likizidi, tabaka za ndani huachana. Dereva husikia mlio, kisha mtikisiko, na ghafla meno yote hubanduka au tairi hupasuka.

Agosti 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyaondoa sokoni matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani baada ya ajali nyingi za magari ya Ford Explorer ambapo meno ya tairi yalibanduka gari likiwa kasini. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha kasoro hiyo na vifo zaidi ya 270. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo yenye joto kama Texas na Florida. Katika uchunguzi, pamoja na kasoro za tairi lenyewe, zilitajwa presha ya chini, mzigo, kasi na joto. Dereva anayetoka kisiwani saa sita mchana mwezi wa Februari akiwa na mzigo kamili anayakuta manne hayo yote kabla ya kufika Voi.

Kwa hivyo upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla gari halijasafiri. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye bandiko lililo katika nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi hutofautiana kati ya mbele na nyuma na kulingana na mzigo. Kiwango kinachoandikwa ubavuni mwa tairi ni kile cha juu kabisa, wala si cha matumizi ya kila siku. Tena kumbuka kwamba tairi la kilo 950 hubeba kilo 950 likiwa na presha lililopangiwa tu. Ukiipunguza, umepunguza na uwezo.

Wasafiri wengi husimama Mackinnon Road kwenye msikiti ulio na kaburi la Seyyid Baghali. Kituo hicho ni fursa njema ya kuyazunguka magurudumu na kuyagusa kwa kiganja cha mkono. Yote yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Moja likiwa moto kupita mengine, lina upepo mchache, au breki yake imeshika. Jambo lisilofaa kufanywa hapo ni kulipunguza upepo tairi lililopata moto kwa sababu presha imepanda. Kupanda huko ni kwa kawaida, na likipoa litabaki na upungufu utakaolidhuru kesho yake.

Meno, mvua na vumbi

Kazi ya mifereji ya tairi ni kutoa maji. Mifereji ikipungua kina, maji hukosa pa kupita na tairi huanza kuelea juu yake. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazifanyi kazi. Ulaya, kina cha chini kinachoruhusiwa kwa magari madogo ni milimita 1.6, nazo tairi nyingi huwa na vijiuvimbe ndani ya mifereji vinavyoonyesha kiwango hicho. Kwa anayesafiri wakati wa masika au vuli ni busara kutosubiri hadi hapo. Milimita tatu ni mpaka salama zaidi.

Kuhusu umbo la meno, kuna aina tatu dukani. La barabara kuu lina mifereji mirefu ya wima, ni tulivu kwenye lami na hutoa maji vizuri. La mchanganyiko lina vitalu vikubwa kidogo na ubavu mnene, hivyo hustahimili kokoto na miiba ya migunga. La tope lina vitalu vikubwa vilivyoachana, lakini hupiga kelele, hupata moto kwenye lami na hushika vibaya barabara iliyolowa.

Vani inayokwenda Tsavo mara moja moja na kurudi hutumia muda mwingi kwenye lami. Hiyo yafaa tairi la barabara kuu lenye herufi C. Ile inayolala mbugani kila wiki au kupanda njia za udongo za Shimba Hills wakati wa mvua, yafaa tairi la mchanganyiko la aina ya C au LT. La tope liachiwe magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne.

Yaliyotumika, yaliyochongwa na vichochoro vya mji

Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kikiitwa Firestone na baadaye kutoa chapa ya Yana, kilifungwa mwaka wa 2016. Tangu hapo, tairi jipya la vani linalouzwa Mombasa huwa limetoka ng'ambo. Hilo si kasoro, ila humpa mnunuzi wajibu wa kuhakikisha lina alama ya kukubaliwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Herufi E ndani ya duara pia huonyesha kwamba tairi limepita vipimo vya kimataifa.

Tairi lililochongwa, yaani lililokwisha meno kisha likatiwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, ni la kuepukwa kabisa. Mchongaji hupunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi. Tairi lililotumika nalo lina historia asiyoijua mnunuzi: huenda liliwahi kuendeshwa bila upepo, na madhara yake yamo ndani.

Mji wa Kale una mtihani wake. Ulijengwa kabla ya enzi ya magari, na mwaka wa 1990 ulitangazwa eneo la hifadhi, hivyo njia zake hazikupanuliwa. Anayeingiza vani Kibokoni hulazimika kupita karibu sana na kingo za mawe na baraza za nyumba, na ubavu wa tairi husuguliwa. Ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote, na hauzibiki. Uvimbe wowote ubavuni, hata wa ukubwa wa kunazi, ni ishara kwamba nyuzi zimekatika. Isitoshe, chumvi ya bahari hula rimu pale tairi linapokalia, upepo ukawa unavuja pole pole. Tairi jipya linapovalishwa, rimu isafishwe kutu na valvu ibadilishwe.

Mambo ya kuuliza dukani

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize haya. Je, ukubwa ni ule ulioandikwa kwenye bandiko la gari? Je, kuna herufi C, CP au LT? Je, namba ya uzito inatosheleza hesabu ya gari likiwa limepakiwa? Je, tairi lilitengenezwa lini? Lililokaa ghalani zaidi ya miaka miwili au mitatu ni vyema kuliacha, kwa sababu mnunuzi analipia miaka ambayo hatoitumia.

Ikiwa fedha zinatosha matairi mawili tu, yawe ya aina moja na yafungwe nyuma, ambako gari likiteleza ni vigumu zaidi kulidhibiti. Radiali isichanganywe na tairi la mtindo wa zamani wenye nyuzi za kukingamana. Balansi na alaimenti zifanywe siku hiyohiyo, na tairi la akiba liwe na uwezo sawa na mengine.

Waliosema ajali haina kinga hawakumaanisha mtu asijikinge. Abiria anayepanda vani alfajiri hana namna ya kujua tarakimu nne zilizoandikwa upande wa ndani wa tairi. Mwenye gari anajua, au anaweza kujua kwa kuinama na tochi dakika moja.